Kambini Hakuna Makaburi

Mahali nilipokulia hapakuwa na kaburi hata moja. Sikulitambua jambo hilo mpaka nilipokuwa chuo kikuu, mbali na nyumbani, na tangu hapo halijaniacha. Tulikuwa na mashine ya kusaga, gereji, nyumba za wageni zenye mapazia ya maua, na kigango cha kanisa ambacho kengele yake ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mtini. Watu walikufa kama wanavyokufa kwingine. Makaburi ndiyo hayakuwepo. Nayasimulia haya kwa sababu ya mama yangu, aliyetaka kuwa wa kwanza kuzikwa pale.

Panaitwa Kambini. Ukitoka Sumbawanga kwenda Kasesya, mpakani na Zambia, utapapita, na dereva akiwa na haraka hutajua kama umepapita. Historia yake haijaandikwa popote. Nimeisikia kwa watu wengi, na kila mmoja alijiweka mwenyewe mwanzoni. Ila wote wanakubaliana kwamba ilianza kama kambi ya mkandarasi aliyekuja kutengeneza barabara ya changarawe. Alisawazisha uwanja wa kuegesha mitambo, akachimba kisima, akasimamisha mabanda ya bati. Mama alitoka Kasense, kijiji cha karibu na Sumbawanga mjini, mwanamke aliyeachika, mimi nikiwa mgongoni, akaja kuwapikia vibarua. Kazi ilipokwisha mkandarasi aling'oa mabanda yake akaondoka. Mama akabaki. Nilipokua nikamuuliza kwa nini, alisema hakuona sababu ya kukiacha kisima kizuri.

Kilichowaleta wengine ni tope. Mbele kidogo ya Kambini barabara inashuka bondeni, na mvua za mwanzo tu zilisomba changarawe yote. Malori ya kutoka mpakani yakawa yanakwama pale, moja nyuma ya jingine, kuanzia mvua zinapoanza mpaka mahindi yanapokauka. Dereva aliyekwama anataka kula, anataka pa kulala, anataka fundi. Mama aliwapikia wali na maharage, na samaki wa Ziwa Tanganyika, mgebuka, alipopatikana. Akaja fundi wa magari. Akaja Mkinga na duka lake. Wakaja wabadilisha fedha waliojua kwacha na shilingi kuliko benki. Wafipa walishuka kutoka vijiji vya jirani kuuza mahindi na pombe ya ulezi. Kisha wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, wakatandaza maboma upande wa nyuma kulikokuwa na majani. Sijui kama Wafipa na Wasukuma wana utani wa tangu zamani. Nimewauliza wazee, kila mmoja kasema lake. Pale Kambini walijitungia wa kwao. Mtu alikuwa anaweza kumtukana jirani yake asubuhi kwa sababu ya kabila lake na jioni wakala sahani moja.

Mwaka wa pili chuoni mhadhiri alitugawia makala kuhusu mji mdogo wa Marekani uliozaliwa na reli. Garimoshi la mvuke lilihitaji maji kila baada ya mwendo fulani, na pale lilipoyapata watu wakajenga hoteli, duka, shule na kanisa. Baadaye zikaja injini zisizohitaji maji. Garimoshi likawa linapita bila kusimama. Makala ilionyesha idadi ya watu, sensa baada ya sensa, ikipanda, kisha ikishuka mpaka wakabaki wazee wachache na posta. Wenzangu walilalamika kwamba tunasomeshwa habari za watu wasiotuhusu. Mimi niliona ukitoa maji ukaweka tope, ni sisi wale. Mwishoni kulikuwa na picha ya mlima wenye makaburi, mengi kuliko nyumba zilizobaki. Nikajaribu kukumbuka makaburi ya Kambini yako upande gani. Nilikaa muda mrefu nikizunguka kijiji kichwani, nyumba kwa nyumba, na sikuyapata.

Yasingepatikana. Kambini kila mtu alikuwa na kwao. Alipokufa, alipelekwa kwao. Fundi wa kwanza alipelekwa Mbeya. Mke wa mwenye mashine alirudishwa kijijini kwake nyuma ya Matai. Wasukuma waliwasafirisha watu wao siku mbili, Shinyanga na kwingine, katika malori yaliyorudi matupu. Watoto wachanga pia walipakizwa. Watu wa Kambini walikuwa mabingwa wa jambo hili. Walijua kufunga jeneza lisitikisike kwenye makorongo, walijua dereva gani ana heshima na yupi atasimama njiani kununua mkaa, walijua maneno ya kumwambia askari wa barabarani. Kijiji kizima kilisindikiza maiti mpaka barabarani, kikasimama mpaka lori lipotee, kisha kikarudi kazini.

Halafu ikaja lami. Miaka ile ya ujenzi Kambini ilifurika kuliko wakati wowote. Nyumba za wageni zilijaa, watu walilala kwenye mabenchi ya mama, kila aliyekuwa na kipande cha ardhi alifyatua matofali. Walishangilia lami kuliko sikukuu. Nilikuwa likizo, nikamuuliza mama, "Hivi mnajua mnachoshangilia?" Akaniambia nisiwe na roho mbaya. Lami ikafika mpakani, bonde likawekewa kalvati kubwa, na malori yakaanza kupita moja kwa moja hadi Sumbawanga. Hakuna aliyefukuzwa. Kila baada ya wiki chache tu ungesikia nyundo: familia inang'oa mabati. Walipakia mabati, milango na madirisha, wakaacha kuta za matofali mabichi zinywe mvua. Ndivyo tulivyohesabu watu wa Kambini, kwa mapaa yaliyobaki.

Katika kipindi hicho ndipo mama aliponiambia. Tulikuwa tunachambua maharage nje ya mgahawa, upepo wa baridi unapuliza, hakuna mteja.

"Nikifa msinipakize," alisema.

"Uzikwe wapi sasa?"

"Hapa."

"Hapa wapi, mama? Hapa hajazikwa mtu."

"Ndiyo maana. Wenzangu wote nimewapakiza mimi. Nimechoka kupakiza, na kupakizwa sitaki."

"Kwa nini lakini?"

"Wewe na kwa nini zako. Huko chuo hawakuwafundisha neno jingine?"

Alitupa kijiwe, kisha akajibu mwenyewe. Alisema mahali pakiwa na mtu chini, waliopo juu hawaondoki hovyo. Hata akiondoka mtu, atarudi kupalilia. Mimi, nikiwa na makala yangu ya Marekani kichwani, nikamwambia si kweli, kuna miji ina makaburi mlima mzima na watu wakaondoka vilevile.

"Hao ni Wamarekani," alisema. "Wana magari."

Sikuamini kwamba kaburi moja lingeweza kuzuia paa lising'olewe, na mpaka leo siamini. Lakini kutoamini kwangu hakukuhusu. Mwili ulikuwa wake na ombi lilikuwa lake, nami nilikuwa mtoto wake pekee. Nikamwahidi kwamba atazikwa Kambini.

Moyo ulianza kumsumbua baadaye, miguu ikawa inavimba. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi ya maana, nimepanga chumba Chanji, Sumbawanga mjini, nafundisha masomo ya ziada. Nikamchukua akae nami ili awe karibu na hospitali. Alichukia mji. Alisema Chanji watu wanapita bila kuuliza chakula. Alifariki asubuhi moja, amekaa kitandani, amemaliza uji.

Mjomba, kaka yake, mkulima wa Kasense, alifika kwa bodaboda kabla majirani hawajamaliza kutandika mikeka. Nilimwamkia, akanishika kichwa, akanipa pole. Kisha akaanza kupanga: nani akachimbe, nani amwarifu katekista. Nikamwambia mama alitaka kuzikwa Kambini.

"Kambini kwenye malori?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mwanangu. Kasense ni hapo tu, mtu anakwenda kwa miguu. Baba yake yuko pale, mama yake yuko pale, wadogo zake. Nimtoe mjini nimpeleke porini, watu waseme tumemkataa?"

"Alisema mwenyewe."

"Wagonjwa wanasema mengi."

"Hakuwa mgonjwa aliposema."

"Na kule atalala na nani?"

"Marehemu halali na mtu, mjomba."

Kina mama waliokuwa wakipiga soga pembeni waligeuka. Mjomba alinitazama kama mtu anayepima mzigo.

"Kumbe hiyo ndiyo ulikwenda kuisoma miaka yote," alisema.

Tulibishana mchana kutwa. Si mtu mbaya mjomba wangu, na alimpenda dada yake. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: kaburi alione kwanza. "Nikiona ni kaburi kweli, nitamshusha kwa mikono yangu. Nikiona si kaburi, namrudisha kwao, na wewe hutasema neno." Nikakubali. Nikampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, naye akaniambia nisiwe na wasiwasi, vijana wapo, watachimba.

Tulifika kesho yake, jeneza likiwa nyuma ya pikapu ya kukodi. Kwa mbali niliona watu wamekusanyika kwenye uwanja wa zamani wa mkandarasi. Niliuliza mbona pale. Mwenyekiti, ambaye ni fundi wa magari na mikono yake haijawahi kutakata oili, alisema pale hapana mwenyewe, hapatakuwa na maneno.

Lilikuwa jibu la busara, na ndilo lililotuharibia. Uwanja ule ulikuwa umeshindiliwa kwa mitambo, kifusi juu ya kifusi, ili ubebe magreda. Walikuwa wamechimba tangu alfajiri kwa sururu na mtaimbo, na kila walipopiga, chuma kilirudi juu. Ndani ya shimo alikuwa jirani yetu mmoja Msukuma, mzee mwenye ng'ombe wengi, amevua shati.

"Nyie Wafipa," alikuwa anasema, "kulima matuta mnaweza kwa sababu yanakwenda juu. Kwenda chini kumewashinda."

"Na wewe ungeswaga ng'ombe wako waje wachimbe," alijibiwa. "Si ndio wanaofikiri kwa niaba yako?"

Walicheka, wakaliona jeneza, wakaacha. Mzee alipanda juu akavaa shati lake. Mjomba alisogea ukingoni, akavua viatu, akashuka mwenyewe ndani ya shimo. Alisimama wima. Ukingo ulimfika kiunoni.

"Ndiyo mwisho?" aliuliza.

"Bado tunaendelea," alisema mwenyekiti.

"Kuendelea wapi? Huu ni mwamba wa kutengenezwa. Mnataka nimfukie dada yangu kama kiazi?" Alipitisha kiganja kwenye ukuta wa shimo. "Nani alipiga jembe la kwanza?"

Watu walitazamana. Mwenye duka alisema ni yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuja na sururu.

"Wewe ni nani wake?"

"Jirani, mzee."

"Jembe la kwanza hupigwa na ndugu. Nyie hamjawahi kuchimba kaburi?"

Jibu lilikuwa ni hapana. Walikuwa watu wazima, wamefiwa mara nyingi, wengine wana wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchimba kaburi akiwa Kambini. Huko kwao walikotoka walikuwa wameondoka wangali vijana, kazi hiyo ikafanywa na wengine.

Nikasema tuhame, tuchimbe penye udongo laini, bado mapema, mjomba mwenyewe apige jembe la kwanza. Mjomba alipanda juu. "Sawa," alisema. "Wapi?"

Nikageukia watu. Nilimwomba mwenye duka, ambaye kiwanja chake kinafika mpaka kwenye mikaratusi. Aliangalia chini akasema kile kiwanja kuna mtu anakitazamia, akisikia kina kaburi hatakichukua. Nikamwomba mwenye mashine. Alisema angependa, Mungu anajua angependa, ila mwakani wanahamia Laela, na huwezi kuhama ukaacha kaburi la mtu uani. Nikamwomba mwenyekiti. Alisema nyumba yake sasa ni ya shemeji yake. Nilikwenda kwa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimsifu mama kwanza. Alimlisha fulani alipokuwa hana kitu. Alimzalisha mke wa fulani. Kisha likafuata neno lilelile kwa sura nyingine: hakutaka kufungwa na kaburi. Pale ndipo nilipojua kwamba walikuwa wameondoka wote zamani, ila miili yao ndiyo iliyokuwa bado inasubiri usafiri.

Mzee wa ng'ombe ndiye pekee aliyetaka. Alikuja akasimama karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ningempokea, mwanangu. Lakini pale ninapokaa nimeazimwa. Mwenyewe yuko kijijini, na hata boma aliniambia nisilijenge kwa miti mikubwa."

Ardhi ya kiwanja cha mgahawa wetu, mtaniuliza. Mgahawa ulikuwa katika hifadhi ya barabara, umewekewa alama nyekundu ya kubomolewa tangu lami ilipoanza. Mama aliujua ukweli huo alipokuwa ananiomba, na hakuusema. Nimejiuliza sana kwa nini. Labda alidhani watu wale wangemgombania.

Mwenyekiti alikuja mbele yangu na kofia mkononi. "Dada," alisema, ingawa ananizidi umri, "tungempakiza tu. Kupakiza tunajua."

Nilimtazama mjomba. Hakuonyesha kushinda. Alikuwa anafuta udongo miguuni kwa majani, taratibu, kidole kwa kidole.

Walimpakiza vizuri. Lazima niseme hivyo. Dereva wa pikapu alikuwa ameliweka jeneza ovyo, nao walilitoa, wakatandika magunia, wakalirudisha, wakalifunga kwa kamba za turubai mafundo ambayo sijawahi kuona mkandarasi yeyote akifunga. Mmoja alikaa huku na mwingine kule kulishikilia. Kina mama waliimba wimbo wa kusindikiza. Wakatufikisha barabarani, wakasimama mstari mmoja kando ya lami, wakatuacha twende. Nilikaa nyuma, mkono juu ya mbao, na sikulia. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Kasense kaburi lilikuwa tayari jioni ile, refu, lenye kuta zilizonyooka, udongo mwekundu umerundikwa upande mmoja. Waliolichimba ni binamu zangu, na mjomba alikuwa amewaambia waanze tangu tulipoondoka mjini. Nililijua hilo pale pale na nikaamua kutouliza. Kazi ya kusoma wasifu wa marehemu nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye msomi. Mjomba alikuwa ameninong'oneza: kazaliwa hapa, kabatizwa hapa, karudi hapa, inatosha. Mimi nikasoma yote. Nikawasomea habari za kambi, kisima, tope, malori, watu waliotoka pande zote na waliopakizwa kurudi pande zote. Watu wa Kasense walisikiliza kwa adabu. Nyuma nilimsikia bibi mmoja akimuuliza mwenzake, "Huko anakosema ni Zambia?" Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho historia ya Kambini kusomwa mbele ya watu.

Baada ya matanga nilirudi Kambini kuchukua vyombo vya mama na kung'oa bati la mgahawa kabla halijang'olewa na tingatinga. Nilikuwa nimelisahau lile shimo. Nilipopita uwanjani nikakuta pamefukiwa, kuna tuta la udongo na kokoto, limezungushiwa matawi ya miiba. Mzee wa ng'ombe alikuwa anachunga karibu. Nilimwamkia, nikamuuliza ni nani amezikwa.

"Mgomba," alisema.

Alinieleza kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, litaita mtu mwingine. Kwao ni hivyo, na Wafipa pia walisema kwao ni hivyo, angalau hilo walikubaliana. Sasa wangeweka nini? Nyuma ya jiko la mama, pale alipokuwa anamwaga maji ya kuoshea vyombo, kulikuwa na migomba. Wakakata shina moja, kina mama wakalifunga kanga, wakalifukia jioni ya siku ileile tuliyoondoka.

"Katekista alisali?"

"Alikataa. Alisema hawezi kumsalia mgomba. Lakini alisimama nasi, kofia kavua."

"Na miiba ya nini, mzee?"

"Ng'ombe. Wangelikanyaga."

"Lakini humo hamna mtu."

"Tunajua. Si sisi tulioufukia?" Alimpigia mluzi ndama aliyekuwa anasogea kwenye miiba. "Wageni wakiuliza tuseme ni nani?"

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia waseme hamna mtu.

"Hivyo ndivyo matandiboi wa malori wanavyowaambia madereva wakifika hapa," alisema. "Twende tu, hapa hamna mtu."

Hakuwa analaumu. Alikusanya ng'ombe wake akawavusha barabara, lori moja likapunguza mwendo kuwapisha, kisha likaongeza. Nami nikaenda mgahawani, ambako fundi niliyemkodi kung'oa bati alikuwa ameshapanda juu na nyundo yake. Akaniuliza aanzie upande gani. Nikamwambia aanzie jikoni.